Kaburi la Ng'ambo ya Reli

Sajini Irma Noske alishuka garini mguu mmoja mmoja, akaushikilia mlango mpaka kiuno kilipokubali kunyooka. Kutoka Port Augusta hadi Marrapina ni mwendo wa kumchosha hata mtu anayependa barabara, naye Noske alikwisha kuacha kuipenda zamani. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri, lakini nzi walishaamka. Walimlaki machoni na puani kama wenyeji waliokuwa wakimngojea.

"Umechelewa, Sajini," alisema Konstebo Lubbock, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, ambaye peke yake alilinda eneo ambalo kwingine lingekuwa nchi kamili yenye rais na bendera. "Daktari ameshaanza kufungasha."

"Aliyekufa ameondoka?"

"La, yupo."

"Basi sijachelewa."

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya reli. Reli yenyewe ilikuwa imebaki tuta tu, vyuma vilishang'olewa, lakini watu wa Marrapina waliendelea kusema "ng'ambo" kwa sauti ileile waliyoitumia babu zao. Upande wa huku palikuwa na baa, kanisa, na nyumba za watu ambao wazee wao walitoka Uingereza na Ujerumani. Upande wa kule waliishi waendesha ngamia walioletwa kutoka Baluchistan na Punjab kubeba sufu na maji kabla treni haijafika, pamoja na wenyeji wa nchi waliooana nao. Wale wa ngamia wote waliitwa Waafghani, wapende wasipende. Waliishi ng'ambo, wakafa, wakazikwa ng'ambo. Juma lile kamati ya historia ya mji ilikuwa imeamua kuyazungushia makaburi yao uzio, na mchimba mashimo ya nguzo akaibua mfupa mahali pasipokuwa na jiwe wala alama.

Ni mzee wa ngamia tu, mji mzima ulisema. Nani mwingine angelala kule?

Daktari Tamsin Okell, mtaalamu wa mifupa aliyeletwa kutoka Adelaide, alikuwa amepiga magoti shimoni chini ya turubai.

"Niambie ni mzee wa ngamia," Noske alimwomba. "Niambie nirudi zangu nyumbani."

"Amelazwa kama wao. Ubavu wa kulia, uso magharibi, kaskazini kidogo. Hana jeneza, amevikwa sanda. Ukimtazama kwa mbali ni mwenzao." Daktari akanyanyua kifuko cha plastiki. "Lakini mwenzao hakuwa na hii."

Ndani mlikuwa na kipande cha waridi kilichopinda kama ulimi, na meno mawili ya mbele yamechomoza.

"Meno ya bandia," Noske alisema.

"Ya plastiki. Waendesha ngamia walikuwa wamekwisha kuzikwa wote kabla kitu kama hiki hakijafika huku. Na hii hapa." Kifuko cha pili kilikuwa na risasi, imebonyea upande mmoja. "Nimeikuta imekaa kwenye uti wa mgongo. Alipigwa kwa nyuma."

Noske alishusha pumzi. Alikuwa ameanza kuamini kwamba safari hii angalau angelala kwake.

"Lini?"

"Mwaka sijui. Lakini tazama ukuta wa shimo." Daktari alipitisha kidole. Chini ya udongo mwekundu palikuwa na ukanda wa manjano, laini kama sabuni. "Hili ni tope la mafuriko. Angezikwa kabla ya maji, tope lingempita juu likiwa zima. Hapa limekatwa, na mabonge yake yamo kwenye kifusi kilichomfunika. Aliyechimba alilikuta tope tayari."

"Maji yamefika hapa mara moja tu," Lubbock aliingilia. "Mwaka wa sabini na nne. Mji huu huhesabu umri kwa maji yale. Watamwambia mtu, wewe hukuyaona maji, nyamaza."

"Kwa hiyo alizikwa baada ya maji. Si kabla."

"Si kabla," alisema daktari. "Ila kinachonishangaza zaidi ni sanda yake. Ardhi kavu imetuhifadhia vipande. Si kitambaa kimoja. Ni viraka vya bafta nyepesi, kiraka kwa kiraka, vimeungwa kwa mkono. Mishono midogo, imelingana. Mtu alikaa kitako akaishona."

Walipokuwa wakirudi garini Lubbock alimsogelea Sajini, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na wa kuwasikia ila nzi.

"Huku ng'ambo, wa damu ile amebaki mmoja. Bi Pearl Zarif. Baba yake ndiye aliyekuwa akiwazikia wafu wao. Mimi nasema, aliyemficha ndiye aliyemuua, na aliyemficha ni Zarif. Kesi imekwisha, twende tukale."

"Umewahi kumficha mtu kitu, Konstebo?"

"Mke wangu. Kila siku."

"Ulikiosha kwanza, ukakishonea nguo?"

Lubbock alicheka, kisha akaacha kucheka.

*

Baa ya Marrapina ilikuwa pia posta, duka na kituo cha mafuta, na vyote hivyo viliendeshwa na Gwenda Pask, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya mkata kuni na ulimi wa kufaa mikono hiyo. Alimwekea Noske sahani ya mkate na nyama baridi bila kuulizwa.

"Kula. Umepauka kama chokaa. Huko Port Augusta hamlishwi?"

Noske alikula huku akitazama ukuta nyuma ya kaunta. Palikuwa na picha za timu za mpira za zamani, wanaume wamefumbata mikono kana kwamba wamekasirikiana. Katika moja yao, mmoja alikuwa anacheka mdomo wazi.

"Huyo mwenye pengo ni nani?"

Gwenda hakugeuka. "Yupi? Timu nzima ina mapengo."

"Anayecheka."

"Aa, huyo. Huyo ndiye aliyenizaa. Mervyn Pask, mkarabati wa reli. Wateja nimewapa ruhusa wamtupie vishale, ninaouhurumia ni ukuta." Alifuta kaunta iliyokuwa kavu. "Mama yangu alichukuliwa na ndege ya daktari mvua zilipoanza, mimi nimo tumboni. Nikazaliwa kwenu huko. Tuliporudi, maji yamekauka na yeye amekauka nayo. Kaenda Queensland, kwa mwanamke. Hakungoja hata aone kama nina pua."

"Nani alimwona akiondoka?"

"Baba."

"Baba yupi?"

"Ninaye mmoja. Yule pale."

Mzee aliyekaa karibu na dirisha aliinua uma kwa salamu. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Noske alimjua kwa jina: Clarrie Boddington, zamani stesheni masta, siku hizi mwenyekiti wa kamati ya historia na mtunza makumbusho ya mji. Uwanja wa mpira uliitwa kwa jina lake naye angali hai.

"Alimwoa mama kabla sijajua kusema," Gwenda alisema. "Kanifundisha baiskeli, kanifundisha kunywa bia, kanifundisha na kutoinywa. Kila siku anakula hapa. Asipokuja nampelekea."

Noske alihamia meza ya mzee na sahani yake.

"Mervyn Pask," alisema.

"Loo, bibie, unafukua ya kale." Clarrie alitabasamu kwa upole. "Tiketi nilimkatia kwa mkono huu. Treni ya mwisho kabla ya maji. Nikamwambia, Merv, mkeo yu mjamzito, utakwenda wapi? Akanijibu, Clarrie, mimi si mtu wa kufungwa kamba. Nikapunga bendera. Ningefanya nini?"

"Ni kabla ya maji, una hakika?"

"Mwanangu, maji yalipokuja reli ilikatika pande zote mbili. Haikutoka treni wala toroli mpaka nyasi zilipoota. Stesheni masta alikuwa mimi. Kama yupo wa kujua, ni mimi."

"Hakurudi?"

"Angerudi kwa uso gani?"

Noske alimshukuru, akarudi kaunta, akatoa kwenye mkoba kijiti chenye pamba katika kichupa chake.

"Gwenda, nitakuomba mate yako."

"Mate? Mbona hujaanza na jambo dogo, kama figo?"

"Mtu tuliyemkuta kule makaburini hana meno mawili ya mbele. Ya bandia tumeyapata."

Gwenda alisimama na kitambaa mkononi. Akageuka kuitazama picha, taratibu, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoitambua.

"Kumbe hakufika mbali," alisema hatimaye. Akafungua mdomo.

Noske hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama dirishani, ambako uma wa Clarrie Boddington ulikuwa umesimama juu ya njegere. Ulikaa hapo. Kisha mzee aliuweka chini kwa uangalifu mkubwa, akatoka bila kumaliza, jambo ambalo Gwenda angeliona siku nyingine yoyote.

*

Nyumba ya Pearl Zarif ilikuwa ya mabati, nyuma ya mitende ambayo babu yake aliipanda kwa kokwa za tende alizokuja nazo mfukoni. Mwenyewe alikuwa bibi mwembamba, mweusi wa mama yake na pua ndefu ya baba yake. Alikuwa ameketi kibarazani, birika limeshachemka.

"Nimewaona mkichimba," alisema. "Nikajua mtakuja. Nilidhani asubuhi."

"Kiuno, Bi Pearl."

"Kaa basi, mwanangu. Hicho kiti kingine kimevunjika, kaa hiki."

Chai ilikuwa na hiliki na sukari nyingi. Noske alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema kitu. Alikuwa amewahoji watu kwa miaka mingi, na siku hizi hakuwa tena na nguvu za kuwazunguka.

"Yule mtu ni Mervyn Pask?"

"Mimi mzee. Nasahau."

"Baba yako ndiye aliyemzika?"

"Baba yangu kafa. Muulize yeye."

"Konstebo Lubbock anasema aliyemzika ndiye aliyemuua."

"Lubbock!" Bibi alisonya. "Huyo hajui hata alikoegesha gari lake."

"Mimi nasema si hivyo. Anayeua hufukia, hamwoshi mtu. Hamlazi ubavu wake na kumwelekeza uso. Wala hamshonei sanda." Noske aliweka kikombe chini. "Daktari amesema mishono ile ni midogo na imelingana kabisa. Hajapata kuona kazi nzuri namna ile kaburini."

Mkono wa Pearl ulikuwa unaikunja na kuikunjua ncha ya kitambaa cha meza, chenye maua aliyoyadarizi mwenyewe.

"Mama yangu alikuwa akinipiga vidole nikishona mishono mikubwa," alisema.

Akaiachia ncha ile.

"Hatukuwa na kitambaa. Maji yalikwisha kuchukua kila kitu, shuka, nguo, kuku, kila kitu. Tulichokuwa nacho ni mifuko ya unga. Ile ya bafta. Nikaifumua, nikaifua, nikaiunga. Ni mifuko ya unga ule ule aliotuletea."

"Aliutoa wapi?"

"Bohari ya reli. Ndege zilikuwa zikidondosha chakula upande wa huko, kinawekwa bohari, kinafungwa. Wa huko kwanza, wa ng'ambo watapata kitakachobaki. Hakikubaki." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayehesabu nguo za kufua. "Sisi tulikuwa juu ya tuta, watoto na wazee, tunachemsha majani. Mimi nina mtoto mchanga na maziwa yamekatika. Merv alikuwa kambini peke yake, huko mbele kwenye reli, mafundi wenzake walikwisha kuondoka. Alikuja kwetu akiwa ameshikilia mlango wa choo kama mashua. Anamtafuta nani? Alikuwa anataka kurudi kwake, sisi tuko njiani. Akawaona watoto. Akauliza, hawa wanakula nini? Baba akamwonyesha sufuria."

"Akaenda bohari."

"Akaenda. Akang'oa ubao nyuma, akarudi na unga kichwani, maji kifuani. Akaenda tena, akaleta maziwa ya kopo. Mwanangu huyo aliyeko Darwin leo na wajukuu, alikunywa maziwa yale. Baba alimwambia inatosha. Akasema mara moja tu nyingine, kungali kiza. Lakini kulikuwa kunapambazuka."

Makuti ya mtende yalichakarisha juu ya bati. Noske hakuandika kitu. Maandishi yangekuja.

"Risasi tuliisikia. Akaanguka, maji yakamchukua, yakamleta kwenye kona ya tuta. Baba akamkamata nguo. Gunia alikuwa amelikumbatia. Hakusema maneno ya sinema, mwanangu. Alisema, unga umelowa. Basi."

"Mkamzika maji yalipopungua."

"Tulimweka penye baridi chini ya daraja la reli, ardhi ilipokubali jembe tukamzika. Baba hakuuliza dini yake. Alisema huyu kafa akitulisha, Mungu atajua pa kumweka. Akamwosha, akamsalia kama anavyomsalia ndugu yake."

"Kwa nini hamkusema?"

"Kwa nani?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Pearl ilipanda. "Kwa walewale wenye ufunguo? Mama yangu alichukuliwa na serikali akiwa mtoto, kama walivyochukuliwa watoto wengi weusi wa nchi hii, mchana, kwa gari, watu wanatazama. Nami nina mtoto mchanga kifuani. Baba akasema, tukifungua mdomo tutakuwa wezi wa unga, na gari litakuja."

"Na baadaye? Dunia ilibadilika, Bi Pearl."

"Ilibadilika taratibu." Alimimina chai nyingine ambayo hakuna aliyeihitaji. "Siku moja nilijipanga. Nikavuka reli, nikaenda kwa Elsie, mama yake Gwenda, maneno nimeyashika mkononi. Nikafika uani. Clarrie amempandisha yule mtoto mabegani, anakimbia naye, mtoto anacheka mpaka anakohoa. Kwa baba huyo mtoto hakuwa amewahi kulia. Nikasema nimekuja kuazima mayai."

Noske alikisogeza kikombe pembeni.

"Sikukuuliza nani alipiga," alisema.

"Hukuuliza."

"Ulimwona?"

"Alisimama mlango wa bohari, bunduki mkononi, anatazama maji. Akadhani yamempeleka. Nadhani mpaka leo alidhani yamempeleka." Bibi akajifuta mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Lakini nguo hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo yule mtoto. Ningemvua?"

"Utayasema haya mahakamani?"

"Nitayasema. Lakini mwambieni Gwenda kwanza. Asije akasikia kwa redio."

*

Gwenda alikuwa jikoni, anamenya viazi. Noske alifunga mlango nyuma yake, akamwambia yote akiwa amesimama, kwa kuwa habari za namna ile akizisema ameketi hushindwa kuinuka. Alimwambia habari za maji, watoto juu ya tuta, unga. Gwenda aliendelea kumenya. Noske alipofika kwenye jina la Clarrie, kisu kikasimama.

"Hapana."

"Alisema Mervyn aliondoka kwa treni kabla ya maji. Mervyn amezikwa baada ya maji. Katikati, yeye mwenyewe anasema, hapakupita hata toroli. Basi alirudi na nini?"

"Labda kakosea siku. Mzee yule."

"Hakukosea. Alinieleza hata maneno waliyoagana."

Gwenda alitazama kiazi mkononi mwake. Kilikuwa kimekwisha kumenywa, naye alikuwa amekimenya tena mpaka kikabaki kama yai la njiwa.

"Nimemtukana mtu yule maisha yangu yote," alisema. "Nimewapa watu vishale." Akavua aproni. "Nataka nisikie kwake."

"Kuna utaratibu, Gwenda."

"Fuata utaratibu wako. Mimi nitasimama nyuma yake."

Makumbusho ya Marrapina yalikuwa katika jengo la stesheni ya zamani. Lubbock alikuwa ameshaegesha nje, akaingia nao. Clarrie Boddington aliketi kwenye dawati lake la ustesheni masta, kati ya taa za ishara na matandiko ya ngamia yenye vibandiko alivyoviandika kwa mkono wake. Alipomwona Gwenda nyuma ya Sajini, akainuka nusu, akaketi tena.

Noske alisema aliyopaswa kusema: kwamba halazimiki kutamka lolote, na kwamba atakalolitamka litaandikwa na laweza kutumiwa mahakamani. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi mno, lakini hakuruka neno.

"Nimeelewa," Clarrie alisema. "Nitangoja wakili."

"Ni haki yako."

"Alikuwa amebeba nini?" Gwenda aliuliza.

Mzee alimtazama Sajini kama anayeomba ruhusa, au kinga. Noske hakumpa chochote.

"Gwen, mwanangu, twende nyumbani tukazungumze."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Unga," Clarrie alisema.

"Wa nani?"

"Wa mji. Watu waliniachia mimi. Chakula kilikuwa kidogo, hatujui maji yatakwisha lini, kila usiku kinapungua. Niliambiwa nilinde. Nililinda." Akaiweka mikono chini ya dawati. "Nilipiga kelele mara mbili. Hakugeuka. Maji yalikuwa na kishindo, labda hakusikia. Alipoanguka ndipo nikauona uso wake. Nikaingia majini mpaka shingoni, Gwen, naapa. Sikumpata. Nilimtafuta siku zote zile."

"Hukujua ni yeye."

"Sikujua! Ningejuaje? Merv alikuwa rafiki yangu, tulicheza timu moja. Ningejua ni yeye nisingepiga kamwe. Nilidhani ni mmoja wao."

Maneno yakabaki yakining'inia chumbani. Clarrie aliyasikia baada ya wengine. Noske aliona yakimfikia, uso ukashuka kidogo kidogo, kama hema lililong'olewa kigingi.

Lubbock alikuwa anatazama sakafu.

"Ndiyo sababu ulimwoa mama?" Gwenda aliuliza.

"Mwanzoni ndiyo. Nilisema nitawatunza. Baadaye si kwa sababu hiyo. Baadaye niliwapenda tu." Alinyanyua macho. "Nimekulea, Gwen."

"Umenilea," Gwenda alisema. "Hilo sikukatalii. Ungekuwa mtu mbaya tu ningekutukana, nikapumua."

Alitoka nje. Noske alimpa Lubbock ishara, na konstebo akamshika mzee kiwiko, kwa adabu, akampokea na fimbo yake. Mlangoni Clarrie aligeuka kutafuta kofia. Lubbock akamvika.

Gari lilipoondoka na vumbi lake, Noske aliketi kwenye benchi la abiria, pale palipokuwa hapajaketi abiria tangu ujana wake. Kulikuwa na simu za kupiga: kwa mwendesha mashtaka, kwa daktari, kwa mkuu wake, ambaye angeuliza kwanza habari za mafuta ya gari. Kulikuwa na maelezo ya Pearl ya kuandikwa na kutiwa sahihi. Alijipa dakika ya kuwa si mtu yeyote.

Gwenda alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono ina madoa ya wanga wa viazi.

"Watakuwa wamejaa baa," alisema. "Nusu watasema mzee alikuwa analinda chakula chao. Bibi zao walikula kilichobaki."

"Watasema."

"Na kesho atakuja mtu aniulize kama makumbusho yatafunguliwa." Alicheka bila furaha. "Unakwenda kule kwa yule bibi?"

"Nahitaji sahihi yake."

"Nami nakuja."

Walilivuka tuta pamoja, polepole, kwa ajili ya kiuno cha mmoja na jambo jingine la mwenzake. Pearl Zarif aliwaona tangu mbali. Hakuinuka mpaka walipofika mitendeni. Hapo akasimama, ameshika nguzo ya kibaraza, na Noske akaona kwamba anaogopa.

Gwenda alisimama chini ya ngazi. Aliifuta mikono kwenye nguo yake.

"Shangazi," alisema. "Sauti yake ilikuwaje?"

Pearl alionekana hakutegemea swali hilo. Alifikiri.

"Mbaya," alisema. "Mbaya, mwanangu, kama msumeno kwenye bati. Na hakujua kunyamaza. Alikuja kwetu ameushika mlango wa choo kama mashua, akiimba, maji yote yale, anaimba. Tulimsikia kabla hatujamwona. Watoto wakadhani ni mnyama."

Gwenda alicheka, kicheko kikubwa cha baa. Kisha akashika ngazi, akaketi palepale kwenye kipandio cha chini. Bibi alishuka taratibu, akaketi kando yake, mabega yakagusana.

"Alikuwa anaimba nini?"

"Ngoja nikumbuke. Ngoja. Ninayo."

Noske alikuwa ameshatoa kalamu. Aliirudisha mfukoni, akaenda kusimama upande wa pili wa nyumba, penye kivuli, asisikie.